Tulivyopigana Vita vya Hattin Uani kwa Bi Mwanahawa

Vita vya Hattin vilinigharimu barafu ya Feri, kilemba cha kanga mpya, malipo ya ukumbi ambayo hayakurudi, na Felista. Nimevipanga kwa thamani, kuanzia cha chini. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na jibu linakuja lilelile. Wale waliopigana vita hivyo kule Palestina, zaidi ya miaka mia nane iliyopita, walishalipa zamani wakazikwa, Waislamu kwa Wakristo. Mimi nilivipigana hapahapa Kariakoo, nikawa upande ulioshinda, na sijapata kukutana na mshindi mwingine aliyetoka vitani amefilisika kama mimi. Mke wangu, ambaye husoma kila ninachoandika, habari hizi anazo. Anasema niandike tu, ila nisizidishe bei ya Felista.

Nimeyakumbuka kwa sababu juzi nilikwenda kwenye arobaini ya Shabani. Nyumba ni ileile ya mtaa wa nyuma ya soko, ukumbi mrefu katikati na vyumba kulia na kushoto, isipokuwa sasa imebanwa na maghorofa pande tatu, kama mtu mfupi aliyesimama kwenye foleni ya warefu. Nilikaa jamvini na wanaume wenzangu, nikala pilau ya mtu niliyemwonea wivu maisha yangu yote, na pilau ilikuwa nzuri, jambo ambalo liliniudhi. Pembeni yangu vijana walikuwa wanamzungumzia marehemu. "Mzee alikuwa mfalme bwana," alisema mmoja. "Mfalme wa nini?" "Sijui. Ndivyo alivyokuwa anaitwa." Upande wa pili watoto wa marehemu walikuwa wananong'ona kuhusu mnunuzi anayetaka kiwanja apandishe ghorofa, na kunong'ona kwao kulisikika hadi barabarani. Nikaitazama ile nyumba. Nikaona nitafurahi siku tingatinga litakapofika, kwa sababu hakuna chumba mle ndani ambacho Felista hakuishi bila mimi. Ndipo mjukuu akaja kuninong'oneza: "Babu, bibi anasema ukimaliza kula upite uani. Ana neno na wewe."

Mwaka ule ninaousema, chumba changu kilikuwa cha kwanza kushoto na cha Shabani kilifuata. Kuta za nyumba ile ziliishia chini ya paa, hivyo mtu akipiga chafya chumba cha mwisho, unamwombea afya ukiwa chumba cha kwanza. Mimi nilikuwa na meza ya vifungo, zipu na nyuzi mtaani. Shabani, mtoto wa Lindi, alitembeza mashati begani. Yeye aliniita Mangi, kama wanavyoitwa Wachaga wote wenye biashara, na mimi nikamwita Machinga, na ole wake mtu mwingine aliyejaribu kutuita hivyo bila kuwa mtani wetu. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mwanahawa, shangazi yake Shabani, mwanamke mnene aliyeendesha bomba la maji la uani kama benki. Chumba cha mkabala aliishi Mwalimu Nandonde wa Masasi, mwalimu wa historia, na mpwa wake Felista, ambaye cherehani yake ilikaa barazani. Felista alinunua nyuzi kwangu. Nilimpunguzia bei, kitu ambacho sijawahi kumfanyia hata padri.

Jioni tulikula uani, kila mtu na sahani yake lakini mboga zikitembea, na Mwalimu alikuwa na tabia ya kulipia mboga za watu kwa hadithi. Hattin aliileta siku ya ugali na dagaa. Alitueleza kwamba wakati ule Wakristo wa Ulaya walikuwa wanaitawala Yerusalemu, na Sultani wa Waislamu alikuwa anaitaka. Mfalme wa Yerusalemu alipiga kambi na jeshi lake penye chemchemi, maji tele. Sultani akaenda kuuzingira mji mwingine, kando ya ziwa, na ndani ya ngome ya mji ule kulikuwa na mke wa mmoja wa wakuu wa Mfalme. Mfalme akaita baraza: tubaki kwenye maji, au tutoke tukaukomboe mji? Yule mkuu mwenye mke ndiye aliyesema tubaki, kwa sababu njia nzima hakuna hata tone la maji na jua ni la kiangazi.

"Mke wake yumo ngomeni, na yeye ndiye anasema msiende?" Bi Mwanahawa aliweka sahani chini. "Huyo ana mwingine mahali."

"Alikuwa anaijua ile njia, Bi Mkubwa."

"Njia anaijua. Mke je?"

"Aliamini Sultani ni muungwana, hatamdhuru."

"Mwalimu, mwanamume anayemwamini Sultani hivyo, mimi binti yangu simpi."

Mwalimu aliendelea. Mfalme alikubali wabaki. Lakini baraza lilipovunjika, mkuu mwingine, mwenye wivu na yule wa kwanza, alirudi hemani peke yake akamwambia Mfalme: huyo anakushauri hivyo kwa sababu ni msaliti. Asubuhi jeshi zima likang'oa hema likatoka. Jua likawapiga, askari wa Sultani wakachoma nyasi kavu ili moshi uwaongezee kiu, wakawazuia kulifikia ziwa ambalo walikuwa wanaliona kwa macho. Wakaishia kwenye vilima viwili viitwavyo Pembe za Hattin, ndimi zimekauka, na hapo wakamalizwa. Mfalme akaletwa mateka mbele ya Sultani, na Sultani akampa kikombe cha maji ya barafu. Kwa desturi yao, ukishampa mateka maji kwa mkono wako huwezi tena kumuua. Mfalme akanywa, kisha akampasia kikombe jirani yake, mkuu mmoja aliyekuwa akivamia misafara ya mahujaji. Sultani akasema: huyo sikumpa maji mimi. Akamuua palepale. "Kwa hiyo," alisema Felista, akiokota dagaa wa mwisho kwenye sahani yangu bila kuomba, "wote wale walikufa kwa sababu ya wivu wa mtu mmoja?" Alisema akinitazama, au nilidhani ananitazama. Umri ule mtu hudhani mengi.

Wazo la kuigiza lilitoka kwa Mwalimu, na sharti lilikuwa lake pia: Waislamu wa mtaa watakuwa jeshi la msalaba, Wakristo watakuwa jeshi la Sultani. "Atakayempiga mwenzake kwa hasira," alisema, "atakuwa anaupigania upande ambao si wake. Hasira itaona aibu." Mtaa ulicheka, kisha ukakubali. Misalaba tulikata kwenye maboksi ya sabuni. Bi Mwanahawa alitoa hukumu kwamba boksi halina dhambi ila lisivuke kizingiti cha chumba chake. Kumpata Mfalme, Mwalimu aliwasimamisha vijana mmoja mmoja waseme maneno ya kwanza ya mchezo: "Nishaurini, mabwana zangu: tubaki chemchemini, au tutoke?" Wengine walipiga kelele kama wapiga debe. Shabani aliyasema taratibu, kama mtu aliyepotea kweli na anaona haya kuuliza njia. Aliyekuwa anatwanga kisamvu aliacha kutwanga. Mimi nilipewa Usultani kwa sababu ni mrefu na, kwa maneno ya Mwalimu, "unajua kutaja bei na kusimama nayo." Nilifurahi mpaka nilipoona Felista anamtazama nani.

Felista alishona mavazi yote, na kwa kilemba changu nilinunua kanga mpya mwenyewe. Mimi alinipima mara moja, mbiombio, tepu imepinda, akasema, "Kifua hakina shida." Lakini kwa Shabani alipima mabega, akasahau, akapima tena. Nilikuwa nimekaa barazani na boksi langu la vifungo, na mimi ndiye mtu wa kuhesabu mara mbili katika nyumba ile, si yeye. Hesabu yangu ilikuwa imenyooka: mimi na Felista kanisa moja, kwaya moja, misa moja ya asubuhi. Shabani alikuwa na nini? Mashati kumi begani, ambayo hata hayakuwa yake. Wiki ileile nilikuwa nimejilaza chumbani nikawasikia Felista na Bi Mwanahawa wanachambua mchele uani. "Yule Mangi ana akili," alisema Bi Mwanahawa. "Akili anayo," alisema Felista. "Ana maendeleo." "Maendeleo anayo." "Basi?" "Basi ndiyo hayo, Bi Mkubwa, akili na maendeleo." Wakacheka wote wawili, na mchele ukaendelea kuchambuliwa. Sijawahi kusifiwa nikaumia namna ile.

Ukumbi wa onyesho niliukodi mimi. Onyesho lilikuwa la Iddi mosi jioni, na mzee mwenye ukumbi alikuwa tayari kushusha bei kama nitalipa mapema na nisibadilishe siku. "Na mwezi usipoandama?" aliniuliza. Mimi, Mchaga wa Kirua, mlei wa parokia, nikamtazama Mwislamu yule mwenye kanzu na tasbihi nikamwambia: "Mzee, mwezi utaandama." Nilikuwa nimeshahesabu siku ishirini na tisa, nikazihesabu tena. Akapokea pesa kwa heshima kubwa. Jioni ya siku ya ishirini na tisa mtaa wote ulikuwa juu ya mapaa na barazani, shingo juu. Mwezi haukuonekana, wala redio haikusema umeonekana kwingine. Nilikimbia kwa mzee kumwomba tusogeze siku. "Mwanangu," alisema, "mwezi uliuuza wewe. Mimi nilinunua tu."

Kwa hiyo tulipigana vita vya Hattin siku ya thelathini ya mfungo, saa kumi na moja jioni, kwenye ukumbi wenye paa la bati. Nilidhani watu hawatakuja. Walijaa. Muda ule wa kungoja futari mtu hutafuta chochote cha kutazama kinachosogea, na walikuja na vyungu vyao: uji wa pilipili manga kwenye chupa za chai, viazi vitamu, tambi, mihogo ya nazi, vyote vimefunikwa, harufu zote ziko wazi. Jeshi lote la msalaba lilikuwa limefunga. Sijapata kuona watu wakishindwa vitani kwa ufasaha ule. Walipanda Pembe za Hattin, ambazo zilikuwa meza mbili za wauza kanga zilizofunikwa magunia, midomo imewapauka, macho yako kwenye chupa za uji. Mama mmoja wa mstari wa mbele alilia. Askari wangu, Wakristo walioshiba wali wa mchana, walikuwa wanapiga mikuki kwa aibu.

Tulishakubaliana na Mwalimu kwamba Shabani atakigusa tu kikombe mdomoni, ajifanye anakunywa. Lakini asubuhi Felista alitaka barafu ya kweli, na mimi niliifuata Feri, nikaipata kwa muuza samaki baada ya mabishano marefu. Felista aliiosha na kuiosha, akatia maji ya waridi, na bado kilipoletwa kikombe, kilinukia waridi na samaki changu. Shabani alipigishwa magoti mbele yangu. Felista alisimama nyuma yangu na sinia. Nikakichukua kikombe, barafu ikagonga ukingoni, na nikaona koo la rafiki yangu linapanda na kushuka. Nilimjua yule mtu. Nilijua kikombe kile kikigusa mdomo wake kwa kujifanya, kitanywewa kweli, atakuwa ameivunja funga yake mbele ya mtaa mzima, na siku ya thelathini. Adhana ilikuwa bado kidogo. Mimi nilikuwa na njia moja tu ya kuvuta muda ninayoijua.

"Mfalme," nikasema, nikikivuta kikombe nyuma. "Kabla ya maji, tuelewane. Yerusalemu unaniachia kwa bei gani?"

Shabani alinikodolea macho. Mwalimu, nyuma ya pazia, alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Kisha Mfalme akajikohoza. "Yerusalemu haiuzwi, Sultani."

"Kila kitu kinauzwa. Nitajie lango moja moja."

"Lango la mashariki, jipya kabisa."

"Jipya? Bawaba zimeliwa na kutu, nimezipita asubuhi."

"Hiyo siyo kutu, Sultani, ndiyo rangi yake. Hilo ni orijino."

"Hilohilo nimeliona duka la pili nusu bei!"

Ukumbi ulipasuka. Tuliuza lango la mashariki, tukauza la kaskazini, tukakwama kwenye mnara, nikajifanya naondoka, akaniita nirudi kama tunavyowaita wateja wetu. "Kubali bei, Mangi, mfalme anakata roho!" alipiga kelele mtu wa nyuma. "Mpe maji, bahili wewe!" alijibu mwingine. Na nyuma ya sikio langu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, Felista alisema: "Aloyce, mpe basi. Una roho gani wewe?" Sikugeuka. Nilikuwa nashusha bei ya mnara wakati adhana ya magharibi ilipoingia kupitia madirishani.

Nikampa kikombe. Mama wa mstari wa mbele akamrushia tende, akaidaka, akasema dua yake, akala, akanywa. Ukumbi mzima ulifungua vyungu kwa pamoja. Naye akampasia kikombe mvamizi wa misafara, Salumu, muuza vikaango, ambaye hakungoja mstari wake. Nikachomoa upanga wangu wa bati nikasema, "Huyo sikumpa maji mimi," na watu wakasimama vijiko mkononi: "Muache amalize futari!" Sikuweza kumuua. Kwa mara ya kwanza katika historia, yule mvamizi alinusurika Hattin, akapewa na kiazi.

Nje, kwenye ngazi za nyuma, Felista alikuwa anammiminia Shabani maji ya pili kwa mkono wake mwenyewe. Nilipokaribia alinitazama kama mtu anayeangalia noti asiyoiamini. "Ulijua ana kiu ya kweli. Kwa sababu ya wivu tu, Aloyce? Mpaka kwenye maigizo?" Nilisubiri. Aliyepaswa kumweleza alikuwa amekaa pale katikati yetu, na yeye alikuwa anakunywa. Alikunywa polepole, akakiangalia kikombe mpaka mwisho, hakusema neno. Nami nisingeweza kujieleza bila kuonekana nauza. Kuanzia kesho yake, Iddi ya kweli, Shabani akawa Mfalme kwa mtaa mzima, na mimi nikawa yule Mangi aliyemnyima mtu maji. Mwaka haujaisha, walifunga ndoa bomani, kila mmoja akabaki na dini yake. Vishikizo vya gauni lake nilimuuzia mimi. Sikumpunguzia.

Basi juzi nilikwenda uani. Bomba lipo palepale, limebadilishwa koki tu. Felista alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, kitambaa cheupe kichwani, miwani imeshuka puani. "Shikamoo zetu zimeisha, shemeji," alisema, "sote wazee. Kaa." Nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Shabani aliniambia," alisema. "Habari ya kikombe. Aliniambia tulipokuwa tumeshapata mtoto wa kwanza. Alisema hajawahi kufuturishwa na mtu kama alivyofuturishwa na Mangi, aliyemfuturisha kwa kumnyima."

Miaka yote ile. Nikauliza, sauti ikanitoka kama ya mteja aliyeibiwa: "Na siku ile kwa nini hakusema?"

"Nilimuuliza hivyohivyo." Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga. "Akasema: ningesema, ungemchagua yeye. Alikuwa anakuonea wivu, Aloyce. Kila ulipofungua duka, kila ulipoongeza fremu, alikuwa anakaa hapo ulipokaa, ananiambia, umeona? Akifikiri na mimi nahesabu."

Nilianza kuhesabu upya. Mtu niliyemwonea wivu maisha yangu yote alikuwa chumba cha pili ananionea mimi, na ukuta wenyewe haukufika hata darini. Nikahesabu tena, na mara ya pili jibu lilikataa kuja. "Na angesema?" niliuliza. "Ungenichagua?"

Felista aliinuka kwa kushika goti. Alikwenda kwenye friji iliyopo ukumbini, akarudi na bilauri, barafu inagonga ukingoni, akanipa kwa mkono wake. "Kunywa maji, shemeji."

Nikanywa. Kutoka barazani nilisikia watoto wake wanamjadili mnunuzi, mmoja anasema bei hii haitarudi, mwingine anasema mama akishakubali inatosha. Nikawaza lile tingatinga nililolitamani jamvini, na mwenye wivu aliyerudi hemani peke yake baada ya baraza, na yule mwingine aliyesema ukweli wakati mke wake yumo ngomeni. Sikujua mimi ni yupi kati yao. Felista alisubiri bilauri iishe, akaipokea.

"Marehemu aliniusia," alisema. "Alisema siku wakija na pesa zao, nisimsikilize mtu mpaka nimkalishe Mangi, kwa sababu hata akiwa na wivu hadanganyi bei." Aliangalia bomba, akaangalia milango ya vyumba, mmoja mmoja, kisha akayasema yale maneno taratibu, kama alivyoyasema Shabani siku ile kisamvu kilipoacha kutwangwa: "Nishauri, bwana wangu. Nibaki chemchemini, au nitoke?"